Ushindi Unaonuka

Tunamkuta Twiga ameinama nyuma ya mstari wa uwanja wa tenisi, mkono mmoja umeshika goti na mwingine umeziba mdomo, na Shoto upande wa pili wa neti anasubiri mpira uanzishwe.

Mpira haukuanzishwa. Yalikuja matapishi.

Yalipenya katikati ya vidole vya Twiga, yakamwagikia udongo mwekundu wa uwanja, yakarukia viatu vyake vyeupe. Jukwaa zima likaguna kwa pamoja. Kisha watu wakatoa simu zao, wakaanza kupiga picha.

Shoto aliona kila kitu, kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama. Na huyo aliyekuwa akitapika mbele yake hakuwa mpinzani wa kuokota njiani. Walianza tenisi pamoja wakiwa wadogo, raketi zinawaelemea mikono, chini ya Kocha huyo huyo mmoja. Walikula sahani moja, wakalala kitanda kimoja kwenye safari za mashindano. Mmoja akaitwa Shoto kwa mkono wake wa kushoto, mwingine akaitwa Twiga kwa miguu yake, na majina yao ya shuleni yakasahaulika.

Leo ilikuwa fainali yao ya mwisho ya chipukizi. Atakayeshinda, Mdhamini anamchukua na kumwingiza kwenye mashindano ya kulipwa. Atakayeshindwa amevuka umri wa chipukizi, na hana mlango mwingine wa kugonga. Mpaka tumbo lilipompindua, Twiga ndiye aliyekuwa anashinda. Alibakiza gemu moja tu.

Daktari wa uwanja akaja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua gazeti. Akamshika Twiga mkono, akamtazama ulimi.

"Ni jua tu hili," akasema, akaondoka.

Wafanyakazi wawili wakaja na beleshi. Wakamwaga udongo mkavu juu ya yale matapishi, wakaukanyagakanyaga mpaka pakawa sawa na pengine pote. Harufu walishindwa kuifukia.

"Unaendelea au unajitoa?" Mwamuzi akauliza kutoka juu ya kiti chake kirefu.

"Naendelea," Twiga akasema. Midomo ilikuwa imemkauka, rangi ya majivu.

Shoto akasogea kwenye neti. "Mwamuzi, mpe muda apumue. Mimi nitasubiri."

"Muda ni wangu, si wako. Rudi kwenye mstari."

Akarudi. Njiani akainua macho kumtafuta Kocha, aliyekaa safu ya mbele, mahali ambapo wasichana wake wote wawili wangemwona. Kocha aliteremsha vidole viwili tu, karibu na goti, kama mtu anayejikuna. Shoto aliijua ishara ile tangu utotoni.

Mpira mfupi. Mdondoshee karibu na neti, mkimbize.

Na Shoto alifanya. Tunampenda msichana huyu, lakini hatuwezi kumfichia. Twiga alianzisha mpira mlegevu, Shoto akaukata kwa kushoto, ukadondoka hapo hapo nyuma ya neti kama kitu kilichoanguka mfukoni. Twiga akakimbia, akafika katikati, akashika tumbo. Watu wakapiga makofi.

Akamfanyia tena. Kisha tena. Kila mara alijiambia huu ndio wa mwisho, sasa nitacheza kama binadamu, na kila mara mkono ulimtangulia.

Gemu zikageuka, seti ikageuka, mechi ikaisha Twiga akiwa amepiga magoti kwenye udongo.

Walipofika kwenye neti kupeana mikono, pumzi ya Twiga ilikuwa chachu.

"Hongera," akasema. Kisha akamvuta karibu, kama watu wanaokumbatiana. "Shoto, yale maji yangu yalikuwa machungu."

Shoto hakupata nafasi ya kumuuliza. Walishamvuta, wamempa kikombe, wapiga picha wamemzunguka.

"Sogea kushoto kidogo, binti," mmoja akamwambia. "Hapo uliposimama doa linaonekana."

Akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya ule udongo uliokanyagwa, na umajimaji umeanza kupanda juu, umeulowesha ukingo wa kiatu chake.

"Cheka basi," mpiga picha akasema. "Umeshinda."

Akacheka. Picha ile ndiyo iliyotoka kila mahali.

*

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Twiga alikuwa amekaa sakafuni, kichwa ameegemeza kwenye ukingo wa choo. Hakuwa na nguvu ya kuona haya.

Shoto akalowesha taulo, akamfuta uso, kidevu, shingo. Nywele zake za mbele zilikuwa zimegandana. Alipofika kwenye vidole, ilibidi akaze meno asije naye akatapika.

"Machungu vipi?" akauliza.

"Kama mtu aliyeyeyushia dawa. Nilikunywa kwa sababu ya kiu. Mafundo mawili, matatu. Nikadhani ni chupa haikuoshwa."

"Nani aliijaza?"

"Sijui. Niliikuta kitini imejaa. Si Kocha ndiye hutujazia siku zote?"

Wakatazamana. Kocha ndiye hujaza. Na Kocha ndiye aliyeonyesha vidole viwili.

Mlango ukagongwa. Sauti ya mhudumu ikasema Mdhamini yuko mezani, chakula kinapoa, mshindi anasubiriwa.

"Siendi," Shoto akasema.

"Nenda." Twiga alifumba macho. "Mmoja wetu apite, na awe wewe. Nikikuona huku unanishikia kichwa wakati unaitwa kule, nitajisikia vibaya zaidi."

Alilisema bila chembe ya sumu, kama ndugu. Shoto angefurahi kama angetukanwa.

*

Mdhamini alikuwa mwenye kampuni ya viatu. Mtu mnene, mkarimu wa maneno, na shati lake jeupe lilikuwa limeanza kushikana na mgongo. Alikuwa anakula kuku. Mbele yake kulikuwa na kilima cha mifupa aliyoivunja na kuifyonza.

"Ndiye huyu," akasema Shoto alipoingia. Hakunawa, hakujifuta. Alimshika mkono wa kushoto pale pale juu ya kiwiko, akaubonyezabonyeza kama mtu anayechagua nyama buchani. "Huu ndio mkono. Kocha, huu ndio mkono, sivyo?"

"Ndio wenyewe, bosi."

"Geuka kidogo, binti."

Shoto hakugeuka. Alidhani amesikia vibaya.

"Geuka," Kocha akasema kwa upole. "Bosi anataka kuona jinsi sare itakavyokukaa."

Akageuka. Alipomaliza kuzunguka, alijiona kama kitu kilichotolewa kwenye boksi. Mafuta ya kuku yalikuwa yamebaki kwenye ngozi yake, alama za vidole vinne na dole gumba.

"Yule mrefu anacheza, sikatai," Mdhamini akaendelea, akang'oa paja. "Huenda anacheza kukuzidi. Lakini ana uso wa msiba. Viatu vyangu vitauzwaje na mtu mwenye uso wa msiba?" Akacheka, na kitu kidogo cheupe kikamtoka mdomoni, kikatua kwenye mkono wa Shoto.

Shoto akakitazama. Hakuna mtu mwingine aliyekitazama.

"Kwa hiyo leo nimefurahi," Mdhamini akasema. "Mungu amenichagulia. Sketi tutaipandisha kidogo, ndivyo wanavyotaka huko. Na mzee wako naye nitamchukua. Atazunguka na wewe dunia nzima, akisuka nyuzi za raketi zako. Alikuja mwenyewe kuniomba, maskini, kabla hata mashindano hayajaanza. Nikamwambia, mzee, binti yako akishinda, wewe umo ndani. Asiposhinda, mimi sina kazi ya fundi asiye na mchezaji."

Kocha akakohoa. Mdhamini hakumwelewa, akaendelea kutafuna.

Shoto aliomba ruhusa ya kwenda kunawa. Alisugua ule mkono kwa sabuni mpaka ngozi ikamwuma, na bado alipounusa ulinuka kuku.

Alipotoka, Kocha alikuwa koridoni, amesimama karibu na mashine ya barafu. Alikuwa ameshajipulizia manukato.

"Kocha, ulitia nini kwenye chupa ya Twiga?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Shoto.

"Mimi sikutia kitu."

"Wewe ndiye unayetujazia maji."

"Nilijaza, nikaziweka kitini, nikaenda kuzungumza na Mwamuzi. Niliporudi nilimkuta mtu ameinama kwenye kiti cha Twiga. Ameshika kizibo." Akachota barafu, akatia moja mdomoni, akaanza kuitafuna. "Nikageukia pembeni. Niliona ni mambo ya kifamilia."

"Familia ya nani?"

"Shoto, usinifanye niseme. Umeshinda. Kula chakula."

"Familia ya nani, Kocha?"

Kocha akatafuna barafu mpaka ikaisha.

"Kamuulize baba yako," akasema.

*

Msomaji, kama una baba wa aina ya baba yake Shoto, utaelewa kwa nini alicheka. Alicheka kweli, pale pale koridoni. Baba yake, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki. Aliyemsuka nywele kwa vidole vile vile vinavyosuka nyuzi. Ambaye akipewa chenji iliyozidi anarudi dukani kwa miguu.

Alikwenda kumwona ili amwambie uongo alioambiwa, wacheke wote wawili.

Karakana ya baba yake ilikuwa chini ya jukwaa, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka gundi na mpira mpya. Raketi zimetundikwa ukutani kama popo. Katikati, mashine ya kukazia nyuzi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, anakula mkate na chai, amefurahi mpaka mashavu yamemjaa.

"Bingwa wangu," akasema. "Njoo."

"Baba, Kocha ananiambia mambo ya ajabu."

"Kocha ana maneno mengi."

"Ananiambia alikuona umeshika chupa ya Twiga."

Baba alikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Hakukimeza wala hakukitema. Alikikalisha shavuni, na macho yake yakateremka mpaka kwenye viatu vya binti yake.

Basi. Shoto hakuhitaji jibu lingine. Kitu ndani yake kilizimika, na alisimama pale akimwangalia mtu mzima aliyevimba shavu moja.

"Nilitia kidogo tu," baba akasema. "Si sumu. Mimi si muuaji. Ni ile dawa aliyotupa daktari wa mifugo, mbwa wetu alipolamba sumu ya panya. Ya kutapisha. Mbwa si alipona?"

"Umempa Twiga dawa ya mbwa."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Asubuhi alikuja hapa. Ulimsukia raketi yake. Akakwambia asante, baba. Nilikuwepo, nilimsikia."

"Nilimsukia vizuri kabisa. Sikumharibia nyuzi hata moja." Na hapo, msomaji, uso wa yule mzee ulikuwa na fahari ya kweli. "Kazi yangu siwezi kuichafua."

Shoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa raketi za ukutani.

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Nimekaa humu chini ninasikia miguu ya watu juu ya kichwa changu. Nimeona wasichana wangapi wakipita umri, wakaja kuniachia raketi zao niwauzie. Wanaziweka hapo mezani na kuondoka bila kugeuka. Nilikuona unashindwa jana mazoezini, na juzi. Twiga amekuzidi. Mimi ni baba. Ningefanyaje?"

"Kwa ajili yangu, au kwa ajili ya safari?"

Baba akachukua kikombe chake cha chai.

"Mdhamini amenieleza. Ulikwenda kumwomba. Nikishinda, na wewe umo ndani."

"Na kuna ubaya gani?" Sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, ya kunung'unika. "Mimi sistahili kuona jua? Nimekuchezesha kwa mgongo wangu, na mimi nisifaidi hata siku moja?"

Akasimama, akanyoosha mkono amguse kichwa, kama alivyozoea. Shoto akakikwepesha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza. Mkono ule ukabaki hewani, una makovu ya nyuzi na makombo ya mkate, na Shoto akaona kinyaa. Si hasira, wala huzuni. Ni kile kinyaa cha mtu aliyekwisha kumeza, ndipo akaona kilichokuwa chini ya sahani.

"Usinitazame hivyo," baba akasema. "Mimi nilitia dawa, lakini nani alimdondoshea mipira mifupi? Ulimwona hawezi kukimbia. Ukampa mmoja, ukampa wa pili, ukampa wa tatu. Mimi nilikuwa huku chini, nilisikia makofi, na watu waliposhuka wakanisimulia. Tumeifanya kazi hii pamoja, mwanangu."

Shoto alifungua mlango, akatoka. Alifika ngazini, akainama juu ya pipa la taka. Hakutapika. Ingekuwa nafuu kama angetapika.

*

Alimkuta Twiga amelala kwenye benchi, amejifunika taulo. Akakaa chini sakafuni, usawa wa uso wake, akamweleza yote. Mbwa, mkate, safari. Hakuruka neno. Alipofika kwenye mipira mifupi, alisema, "Na hiyo ni mimi. Hakuna aliyenishika mkono."

Machozi yalimtoka Twiga bila sauti, yakapita juu ya pua na kudondokea benchi.

"Baba yako," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa natamani angekuwa wangu."

"Nakwenda kumwambia Msimamizi. Kikombe warudishe. Unaweza kunichukia, ni haki yako, lakini nataka ujue nakwenda."

"Watakufungia. Hutacheza tena."

"Najua."

Twiga akajiinua, akashika ukuta. "Basi tusiende mmoja mmoja. Ukienda peke yako watakuzungusha. Nipe mkono."

Wakapanda ngazi za ofisini hivyo, mmoja anayumba, mwingine anamshikilia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Shoto alivuta pumzi isiyonuka.

*

Msimamizi wa mashindano alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya mnyororo na feni ndogo mezani. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaisogeza feni imwelekee vizuri.

"Mmemaliza?"

"Ndiyo, mama," Shoto akasema.

"Nimeshatangaza mshindi. Nimeshapiga picha na mshindi. Hivi sasa watu wa televisheni wanakula keki kule bustanini, yenye jina la mshindi. Mnataka nitoke niwaambie nini? Kwamba kwenye mashindano yangu watoto wanapewa dawa za mbwa?"

"Niachie mimi, nitawaambia," Twiga akasema.

"Wewe kaa chini, utatapika kwenye zulia langu."

Akanyanyua simu, akasema maneno mawili. Mdhamini akaja, na Kocha nyuma yake. Mdhamini alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, akakitumia wakati anaelezwa.

"Hilo ni dogo," akasema. "Tuwachukue wote wawili. Huyu mrefu awe wa mazoezi, amrushie mwenzake mipira. Analipwa, anasafiri. Tena simdai tabasamu." Akachomoa kitu kati ya meno, akakikagua, akakirudisha mdomoni. "Mnaonaje?"

Kocha akatikisa kichwa kukubali. Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa imekwisha, mbele ya macho yao, kama watu wanaogawana chumba cha hoteli.

"Sitaki," Twiga akasema.

"Fikiri kwanza, binti."

"Nimeshafikiri. Mimi nilikuwa nashinda. Nataka mtu aseme kwamba nilikuwa nashinda."

Shoto akambana mkono rafiki yake, na Twiga akambana naye. Msimamizi akavua miwani.

"Haya. Mmeamua kuharibu, tuharibu vizuri. Aitwe huyo fundi. Lakini mjue, kumtilia mtu dawa kwenye maji si suala la tenisi tena. Ni la polisi. Na polisi hawafungi uwanja, wanafunga mtu."

Baba yake Shoto aliletwa na mlinzi. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, lile la kuzikia na kuozeshea. Bila shaka alidhani ameitwa kwenye keki. Alipowaona wasichana wawili wameshikana mikono, hatua ikamkatika.

"Mzee," Msimamizi akasema, "binti yako anadai ulitia dawa ya kutapisha kwenye chupa ya mwenzake. Kama ni kweli, nawapigia polisi sasa hivi. Kama si kweli, sema."

Kijasho kikamtoka baba juu ya mdomo. Alimtazama Mdhamini, Mdhamini akatazama dari. Alimtazama Kocha, Kocha akatazama saa.

"Baba," Shoto akasema polepole. "Sema tu. Nitakuja kukuona kila siku. Sema tu ukweli."

Mzee akavuta kola ya koti lake.

"Nilitia," akasema. "Sikatai. Nilitia."

Pamoja na yote, kitu cha joto kilimpita Shoto kifuani. Huyu bado ni baba yangu, akawaza. Bado yumo humo ndani.

"Lakini sikuota ndoto nikaamka nikatia," baba akaendelea. "Nilitumwa."

Kocha akageuka ghafla. Kijiti cha Mdhamini kikasimama.

"Ulitumwa na nani?" Msimamizi akauliza.

Baba akainua mkono wake wenye makovu. Kidole kilipita mbele ya Kocha, na Kocha akavuta pumzi. Kikapita mbele ya Mdhamini. Kikaendelea mpaka kikamfikia binti yake, kikatulia.

"Na huyu," akasema. "Aliniomba mwenyewe. Mimi ni mzazi, nitamkatalia nini mtoto wangu?"

Shoto alimtazama baba yake machoni, akitafuta aibu hata ya kupima kwa kijiko, na macho yale yalikuwa makavu, yanamsihi akubali.

"Na mimi nilishangaa," Kocha akasema taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo kwa uchungu. "Mwenzake anaumwa vile, yeye anamdondoshea mipira mifupi. Mmoja baada ya mwingine. Nikajiuliza, huyu alijuaje?"

"Hata mimi nililiona hilo," Msimamizi akasema.

"Kocha ndiye aliyenionyesha," Shoto akanong'ona. "Vidole viwili. Twiga, alinionyesha yeye. Wewe unamjua."

Twiga alikuwa anamtazama yule mzee, baba aliyemtamani awe wake, kisha akamtazama Shoto, kisha mzee tena. Halafu, bila haraka, akauchomoa mkono wake katika mkono wa Shoto na kuufuta kwenye sketi. Akaufuta mara ya pili.

Msimamizi akanyanyua simu.